Matembezi au Upelelezi? Uhakiki wa Riwaya ya The Riddle of the Sands

Utangulizi

Makala haya yanahakiki riwaya ya The Riddle of the Sands, iliyoandikwa na Erskine Childers na kuchapishwa mwaka 1903. Msomaji ana haki ya kuuliza riwaya ya Kiingereza yenye umri wa zaidi ya karne moja inatafuta nini katika jarida la Idara ya Kiswahili. Majibu ni mawili. Kwanza, ni kazi inayomfaa sana mwalimu wa tafsiri, kwa kuwa karibu kila ukurasa wake unadai msamiati wa bahari ambao Kiswahili kinao tangu zamani, lakini sisi tunaokifundisha mbali na pwani tumeuacha ulale ndani ya kamusi. Pili, riwaya hii inazua swali ambalo wahakiki wengi hulipita upesi: mtu anayetembea baharini kwa kujifurahisha anapokutana na manowari, nani kati yao mwenye haki ya kumshuku mwenzake?

Wengi huisoma riwaya hii kama hadithi ya upelelezi, tena huitaja miongoni mwa zile za mwanzo kabisa katika utanzu huo kwa Kiingereza. Hilo ni kweli. Hata hivyo, hoja ya makala haya ni kwamba moyo wa riwaya hauko katika siri ya vita inayofichuliwa mwishoni. Uko katika mazungumzo ya adabu kati ya vijana wawili wenye mashua na afisa wa jeshi la wanamaji. Tukiyasoma mazungumzo hayo kwa makini, tutaona kwamba afisa huyo, ambaye msimulizi anamweka upande wa maadui, ndiye aliyekuwa na haki.

Muhtasari wa riwaya

Carruthers, karani kijana wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, amebaki London mwezi Septemba wakati wenzake wote wako likizo. Anapata barua kutoka kwa Davies, rafiki wa zamani wa chuoni, akimwalika kuwinda bata katika bahari ya Baltiki ndani ya mashua yake iitwayo Dulcibella. Carruthers anafika Flensburg, Ujerumani, na polepole anagundua kwamba bata si shabaha hasa. Davies ana kisa. Alipokuwa akisafiri peke yake kwenye visiwa vya Frisia, upande wa bahari ya Kaskazini, mtu aitwaye Dollmann alijitolea kumwongoza kupitia njia ya mkato kati ya mafungu ya mchanga wakati wa dhoruba, kisha akamwacha huko ili aangamie. Davies anaamini kwamba Dollmann ni Mwingereza anayewatumikia Wajerumani, na kwamba kuna jambo linalofichwa katika pwani ile.

Wawili hao wanarudi huko kupitia mfereji wa Kiel. Wanapima vina, wanasahihisha ramani, wanajifunza kila mkondo. Wanakutana na Kamanda von Brüning wa manowari ndogo iitwayo Blitz. Hatimaye Carruthers anajificha ndani ya meli ya kuvuta na kushuhudia mazoezi ya mpango mzima: Ujerumani inakusudia kuivamia Uingereza kwa majeshi yatakayopakiwa katika matishari na kuvutwa kutoka katika bandari ndogondogo ambazo hakuna anayezitilia maanani.

Kamanda na watembezi

Tuanze na mhusika von Brüning, kwa kuwa ndiye aliyechorwa kwa ustadi mkubwa kuliko maadui wote wa riwaya hii. Hapigi kelele wala hatishi mtu. Ni mcheshi, mkarimu, na Davies mwenyewe anampenda. Anapokutana na vijana hawa Bensersiel, maswali yake ni yale ambayo baharia yeyote angemuuliza mwenzake: mmepita wapi, mnakwenda wapi, mmepata bata? Silaha yake ni uchangamfu. Nao wanajibu kwa silaha hiyohiyo. Kila mmoja anajua kwamba mwenzake hasemi yote, lakini hakuna anayethubutu kuwa wa kwanza kuvunja adabu.

Mbinu hii inafikia kilele katika chakula cha jioni nyumbani kwa Dollmann, kisiwani Norderney. Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito. Davies alikuwa amekiongoza kimashua chao cha makasia kutoka Norderney hadi Memmert kwa dira na saa, huku Carruthers akimsaidia, na kisha wakarudi. Mezani wanahojiwa kwa zamu, huku sahani zikipita. Wenyeji hawaamini kwamba mtu anaweza kusafiri katika ukungu ule, na wakati huohuo hawana hakika kwamba haiwezekani. Hakuna bunduki katika onyesho hili, lakini taharuki yake inazidi ile ya mapambano mengi ya bastola tunayoyasoma katika riwaya za aina hii.

Swali la mhakiki ni hili: je, von Brüning anakosea kuwashuku? Tuutazame ushahidi tulioletewa na Carruthers mwenyewe. Vijana wawili wa kigeni, mmoja wao mtumishi wa wizara ya serikali yao, wanazunguka katika maji ya nchi nyingine msimu wa baridi ukikaribia. Wanapima kina cha kila mkondo. Wanaandika vipimo. Wanawasikiliza watu kwa siri. Mmoja anavaa nguo za baharia maskini ili asitambuliwe. Mtu huyo angekuwa upande wa pili, tungemwita kwa jina moja tu, nalo si mtalii.

Historia haikukawia kutoa mfano. Mwaka 1910 maafisa wawili wa Uingereza, Brandon na Trench, walikamatwa Ujerumani baada ya kuchunguza ulinzi wa pwani hiyohiyo ya Frisia. Walikuwa wamejifanya watu walio matembezini. Mahakama ya Leipzig iliwahukumu kifungo cha miaka 4 kila mmoja, wakasamehewa mwaka 1913. Sheria ya kimataifa ya leo nayo ingekuwa upande wa kamanda. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unavipa vyombo vya mataifa yote haki ya kupita kwa amani katika maji ya nchi nyingine yaliyo ndani ya maili 12 za bahari kutoka pwani. Lakini mkataba huo unasema wazi kwamba chombo kinachofanya upimaji, au kinachokusanya habari za kudhuru ulinzi wa nchi hiyo, hakihesabiwi kuwa kinapita kwa amani. Bildi ya Davies peke yake ingetosha kumpeleka kituoni.

Upande mmoja wa msimulizi

Basi kwa nini tunaposoma tunakuwa upande wa Davies? Jibu liko katika fani. Childers ametumia nafsi ya kwanza, na msimulizi wake, Carruthers, anaanza akiwa mtu wa kuchekesha: mvivu, mwenye majivuno, anayelalamikia unyevu wa godoro. Tunamcheka, na kwa kumcheka tunamwamini. Anapobadilika na kuwa mpelelezi, tumekwisha kuzoea kuona bahari kwa macho yake. Kila anachokifanya yeye kinaitwa ushujaa. Kikifanywa na Wajerumani kinaitwa hila.

Davies naye amepewa sifa inayomkinga dhidi ya shutuma: hana cheo. Aliwahi kutaka kujiunga na jeshi la wanamaji la nchi yake, hakupokelewa. Anayoyafanya hakutumwa na mtu. Hapa ni vizuri kulinganisha na riwaya zetu. Willy Gamba wa Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona (1974), ni mpelelezi wa kazi. Nchi imemtuma, na msomaji anajua hivyo tangu mwanzo. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), anakaribiana zaidi na Davies kwa kuwa anasukumwa na udadisi wake mwenyewe. Lakini Bwana Msa anachunguza nyumbani kwake, katika jamii inayomjua na inayoweza kumuuliza. Davies anachunguza nyumba ya watu wengine. Udadisi unaovuka mpaka ni jambo jingine, hata kama moyo wa mdadisi ni safi.

Hapa ndipo msomaji wa Afrika Mashariki ana la kusema ambalo msomaji wa London huenda asiliwaze. Katika karne ya 19 manowari za Uingereza zilisimamisha majahazi katika bahari yetu ya Hindi na kuyapekua zikitafuta watumwa. Biashara ile ilikuwa uovu, na kuizuia lilikuwa jambo jema. Hilo halina ubishi. Lakini nahodha wa jahazi aliyebeba tende au boriti hakuweza kumwambia afisa kwamba anatembea tu. Alitakiwa kuwa na hati, na bendera yake ilikuwa kesi. Baadhi ya manahodha wa Sur, Oman, walipeperusha bendera ya Ufaransa, ambayo iliwaepusha na upekuzi wa Waingereza. Mgogoro huo ukafika mbele ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague, iliyotoa uamuzi mwaka 1905, miaka miwili tu baada ya riwaya hii kuchapishwa. Tukiyaweka mambo haya mawili pamoja tunaona kwamba neno "matembezi" halikuwa wazi kwa kila mtu. Lilikuwa ngao ya watu wa tabaka fulani na taifa fulani. Von Brüning anawakaribisha mezani watu ambao, wangekuwa mabaharia maskini, angewaweka chini ya ulinzi kwanza na kuwauliza baadaye.

Si kwamba ngao hiyo haitoboki. Mwezi Novemba 2009 Waingereza watano waliokuwa wakipeleka mashua ya mashindano kutoka Bahrain kwenda Dubai walikamatwa na wanamaji wa Iran katika Ghuba, wakaachiwa mapema Desemba baada ya kuonekana kwamba walipotea njia bila nia mbaya. Serikali mbili zenye uhasama zililazimika kujadili kama matembezi ni matembezi kweli. Von Brüning angelitambua tatizo hilo mara moja.

Lugha ya maji

Tugeukie sasa lugha, kwa kuwa hapa ndipo mwalimu ana kazi kubwa zaidi. Wanafunzi wetu wengi wameona ziwa. Ziwa Viktoria lina mawimbi, dhoruba na wavuvi hodari, lakini mtu akisimama ufukweni mwake asubuhi na kurudi jioni, atayakuta maji mahali palepale. Hayajai wala hayapwi kwa kiasi cha kuonekana. Riwaya hii yote inategemea kujaa na kupwa. Kati ya visiwa vya Frisia na bara, maji yanapojaa kuna bahari. Yanapopwa kuna uwanja wa mchanga na tope unaokatwa na mikondo myembamba. Asiyeijua saa ya maji anaangamia. Anayeijua anapita mahali ambapo manowari haithubutu.

Mwanafunzi anayesoma kwa Kiingereza analazimika kukisia hali hiyo. Kiswahili kingemfafanulia kwa neno moja. Neno "pwani" lenyewe linahusishwa na kitenzi "-pwa": ni mahali ambapo maji hupwa. Davies, kwa maana hiyo kamili, ni mtu wa pwani. Usiku hukiacha chombo chake kikae juu ya mchanga hadi maji yarudi, na Kiswahili kina kitenzi kwa jambo hilo: kupwelewa. Maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu ni bamvua. Maji madogo ya kati ni maji mafu. Uzi wenye risasi wa kupimia kina ni bildi, na kipimo chenyewe ni pima. Vyombo vya kubebea majeshi ni matishari. Hakuna hata neno moja hapo linalohitaji kuundwa na kamati. Yote yamo kamusini, na wavuvi wa Lamu, Tanga, Unguja na Kilwa hawana haja ya kuyatafuta humo.

Ugumu uko kwingine. Tuchukue neno ambalo Waingereza hulitumia kwa mashua ya starehe. Vyombo vya habari vya Kiswahili huliandika mara nyingi "boti ya kifahari". Mfasiri akilitumia hapa ameiua sura nzima. Ucheshi wa mwanzo wa riwaya unatokana na Carruthers kutarajia chombo cha fahari chenye mabaharia wa kumhudumia, na badala yake kukuta kimashua kilichochakaa, kilichowahi kuwa mashua ya kuokolea watu, ambacho mlango wake hauwezi hata kupitisha sanduku lake kubwa. Akiambiwa tangu barua ya kwanza kwamba Davies ana boti ya kifahari, msomaji atadhani Davies ni mwongo. "Mashua ya matembezi" lingefaa zaidi, nalo lina faida ya pili: linaliweka swali la riwaya ndani ya jina la chombo.

Neno "manowari" nalo lina somo lake. Limetokana na jina la Kiingereza la meli ya vita, likakaa kinywani mwa Waswahili hadi likasahau asili yake. Watu hawakopi neno la namna hiyo kutoka kwenye kitabu. Hulikopa kwa kukiona kitu chenyewe kikitia nanga mbele ya mji wao. Kwa hiyo mfasiri anapoliita Blitz manowari, anamletea msomaji wa pwani kumbukumbu ambayo msomaji wa Kiingereza hana.

Jina la kitabu pia ni mtihani. "Mchanga" peke yake humpeleka msomaji ufukweni kwenye hoteli. Mchanga unaozungumzwa ni mafungu, yale yanayojitokeza maji yakipwa. Lakini "Fumbo la Mafungu" litamchanganya aliyezoea mafungu ya samaki sokoni au mafungu ya bajeti bungeni. Pendekezo la makala haya ni "Fumbo la Mafungu ya Mchanga". Tumechagua "fumbo" badala ya "kitendawili" kwa sababu kitendawili hutegwa mbele ya watu na mtegaji anataka kijibiwe. Wajerumani wa Childers hawakutega. Walificha.

Anayesema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya asiyotuhusu na aitazame delta ya Rufiji. Mwezi Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya Unguja, ilijificha ndani ya mikondo ya delta hiyo. Manowari kubwa za Uingereza zilibaki nje zikilinda milango, kwa kuwa hazikuweza kuingia katika maji hafifu. Zilihitajika meli mbili zisizozama sana majini, Severn na Mersey, pamoja na ndege za kuelekeza mizinga, ndipo Königsberg ikamalizwa tarehe 11 Julai 1915. Hoja ya Davies, kwamba katika maji ya namna hiyo ujuzi wa mikondo hushinda ukubwa wa mizinga, ilithibitishwa katika ardhi ya Waswahili, katika vita ambavyo Waswahili hawakuvianzisha.

Mwandishi na mashua yake

Kwa kawaida tunawaonya wanafunzi wasichanganye mwandishi na mhusika. Kwa Childers onyo hilo linabaki, lakini maisha yake yanatoa ufafanuzi ambao mhakiki hawezi kuuacha. Alikuwa karani wa Bunge la Uingereza aliyependa mashua, na mwaka 1897 alisafiri katika visiwa hivyohivyo kwa mashua yake Vixen. Vita vya kwanza vya dunia vilipozuka, jeshi la wanamaji la Uingereza lilimchukua kwa ujuzi wake wa pwani ya Ujerumani. Matembezi yakawa upelelezi baada ya miaka 17.

Jambo la kushangaza zaidi lilitokea wiki chache kabla ya vita hivyo. Mwezi Julai 1914 Childers, mkewe na wenzao wachache walisafiri kwa mashua yao Asgard wakiwa wamebeba bunduki 900 zilizonunuliwa Hamburg kwa ajili ya wapigania utaifa wa Ireland. Njiani walipita karibu kabisa na manowari za Uingereza. Hakuna aliyewapekua. Tarehe 26 Julai wakashusha shehena yao Howth, karibu na Dublin, mchana kweupe. Childers aliuelewa udhaifu ambao alikuwa ameuandika miaka 11 nyuma: afisa akiona tanga jeupe, bwana na bibi, haoni bunduki. Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Tarehe 24 Novemba 1922 alipigwa risasi na serikali ya Ireland huru, nchi aliyoipelekea silaha, kwa kuwa alikuwa upande uliopinga mkataba na Uingereza.

Tukirudi kwenye riwaya tukiwa na habari hizo, von Brüning anaonekana kwa sura nyingine. Childers alijua kuliko yeyote kwamba kamanda huyo alikuwa sahihi kuuliza maswali. Ndiyo maana, pengine, alimpa ucheshi na utu, akaacha uovu wote umwangukie Dollmann, msaliti, ambaye mwishoni anajitupa baharini.

Udhaifu na hitimisho

Riwaya ina kasoro zake. Clara, binti wa Dollmann anayependwa na Davies, ni kivuli tu. Yupo ili Davies apate sababu ya kusita. Maelezo ya vipimo katikati ya kitabu yatamchosha msomaji asiyefungua ramani zilizoambatishwa. Na uzalendo wa msimulizi haujiulizi vya kutosha kama nchi yenye manowari nyingi kuliko zote duniani ilikuwa na haki ya kushangaa kwamba jirani naye anazijenga.

Pamoja na hayo, makala haya yanapendekeza mambo mawili kwa walimu. La kwanza, sura za Bensersiel na Norderney zitumike katika darasa la tafsiri, na kabla ya kuanza wanafunzi wakusanye msamiati wa kujaa na kupwa kutoka kwa wasemaji wa pwani, si kamusini pekee. La pili, katika darasa la uhakiki mwanafunzi apewe zoezi la kuandika upya chakula cha jioni cha Norderney, msimulizi akiwa von Brüning. Atalazimika kuchagua, kila mara Davies anapotajwa, kama aandike "mtembezi", "mgeni" au "mpelelezi". Akiweza kutetea chaguo lake kwa ushahidi wa matini, atakuwa amejifunza kwamba neno linaweza kuamua kesi kabla shahidi hajafungua kinywa.

Maoni ya wasomaji, hasa wenye istilahi bora kuliko "mashua ya matembezi", yatapokelewa kwa shukrani.